Mawe Matatu Korongoni

Ilinichukua miaka miwili kupata Ijumaa moja. Nyumba ninayofanyia kazi, hapa Malaz, Riyadh, ina bibi mwenye ugonjwa wa sukari, mama yake bosi, ambaye huchomwa sindano kila jioni kabla ya kula. Nilifundishwa kumchoma, nikazoea, naye akanizoea. Kila nilipoomba siku ya kutoka, madam, mke wa bosi, alinijibu jambo lile lile: bibi hakubali mkono mwingine. Msimu wa baridi uliopita madam alikubali. Nitoke asubuhi, nirudi kabla ya adhana ya Magharibi. Nikichelewa, halas, nisiombe tena.

Tulikuwa watatu. Mmoja ni msichana wa Kitale anayefanya kazi ghorofa ya juu yetu. Mwingine ni mwalimu wa Jidda, ambaye babu na bibi zake walihama Unguja mwaka wa sitini na nne. Huyu nilikutana naye mtaa wa Sharafiya, familia ya bosi ilipokwenda Jidda likizo, kwenye duka la kutengeneza simu. Alinisikia nikihesabu pole pole kwa Kiswahili, akaniuliza kwetu ni wapi. Ndiye mwenye gari, na wiki hiyo alikuwa Riyadh kwa dada yake.

Kuchagua mahali pa kutembea kulituchukua siku nyingi. Wa Jidda alitaka korongo la kaskazini lenye kuta nyekundu aliloliona kwenye simu. Nilipima kwenye ramani: kwenda tu ni siku nzima. Wa Kitale alitaka popote penye picha nzuri. Mimi nilichora jedwali: umbali, haja ya kamba, idadi ya njia panda, hali ya mvua. Shule yangu iliishia darasa la nane. Mengine nimejisomea, mengi katika vitabu vya jiografia walivyoviacha watoto wa bosi, na humo ndimo nilimojifunza kwamba korongo jembamba huchongwa na maji, na kwamba maji hayo yanaweza kutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali usikoona.

"Mathe," wa Kitale akaniuliza, "tunaenda kutembea ama kujenga daraja?"

Tulichagua korongo lililo kwenye magenge ya magharibi mwa jiji, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Mwanzoni lilikuwa na upana wa kupita lori. Baada ya nusu saa ya kutembea niliweza kunyoosha mikono nikagusa kuta zote mbili. Mwamba ulikuwa wa rangi ya unga wa dengu, baridi, na anga juu yetu ilikuwa utepe tu.

Kulikuwa na njia panda tatu. Katika kila moja niliweka mawe matatu: mawili chini na moja refu juu yake, ncha ikielekea tulikotoka. Kisha niliandika kwenye daftari njia tuliyoshika: kushoto, kushoto, kulia. Sikuwaeleza wenzangu. Nilikuwa nimechoka kuchekwa kwa sababu ya jedwali.

Wa Jidda alibaki nyuma tangu kabla ya njia panda ya kwanza, akifuata nyayo zetu. Alitaka kusali Adhuhuri kivulini, kisha apige picha. Tulimngojea mwisho wa korongo, akaja, tukala chapati na ndengu. Saa nane kasoro tukaanza kurudi. Nilikuwa nimepiga hesabu: saa kumi na nusu ningekuwa nyumbani, na saa nzima ya akiba.

Katika njia panda ya kwanza ya kurudi nilisimama. Daftari lilisema kulia. Ukirudi, kulia hugeuka kushoto, hilo nalijua. Lakini jiwe lilielekea kulia. Je, nilipoandika nilikuwa nimeshageuza? Sikukumbuka. Nikaamua kwamba daftari niliandika nikitembea, jiwe niliweka nimesimama, kwa hiyo jiwe ndilo la kuaminika. Tukafuata jiwe. Korongo lilizidi kubana, tukapanda, tukashuka, tukapanda tena, na baada ya dakika arobaini tukafika kwenye ukuta laini usio na pa kushika.

"Hapa hatukupita," alisema wa Kitale.

"Najua."

"Sasa unajua. Na daftari je?"

Tulirudi, tukashika njia ya pili, tukafika njia panda iliyofuata. Hapo jiwe halikuelekea kushoto wala kulia. Ncha yake ilielekea ukutani, katikati ya njia mbili. Nililitazama kwa muda mrefu. Nilijaribu kukumbuka mikono yangu ikiliweka, na kila nilivyojaribu ndivyo nilivyozidi kutojiamini, hata nikaanza kujiuliza kama kweli nililiweka mimi. Nikawaza bibi ameketi anangojea mkono wangu. Nikatoa dira ya simu nipime ncha inaelekea wapi.

"Wacha simu, iko sawasawa hiyo," alisema wa Jidda nyuma yangu. "Nimeshaipima."

"Umepima nini?"

"Kibla. Mtu kaweka mawe ya kibla humu, lakini kayaweka upogo, njia panda zote tatu. Moja likielekea kaskazini kabisa, shoga. Nikasema atakayesali hapa kesho atapotezwa bure, nikayanyoosha."

Alinieleza kwamba baba yake alikuwa dereva wa malori, na kila aliposimama jangwani kusali aliacha mawe yameelekea Maka kwa ajili ya mtu atakayekuja baadaye. Jiwe la kibla lililopotoka halipitwi hivi hivi.

Nilimwambia kwamba mawe ni yangu na yalikuwa yanaonyesha njia ya kutokea.

 Wa Kitale akaketi chini akacheka. "Kwa hivyo tumekuwa tukienda Maka kwa miguu."

"Kwa nini hukutwambia?" aliniuliza wa Jidda.

"Kwa nini hukuuliza?"

"Nikuulize jiwe?"

Kilichobaki kilikuwa kugeuza maneno mawili ya daftari: kushoto, kushoto yakawa kulia, kulia. Njia ikatokea. Jiwe la mwisho nililipita bila kuligusa.

Simu yangu ilipopata mtandao hapakuwa na ujumbe wowote kutoka kwa madam, na kimya hicho kilinisumbua kuliko ambavyo makaripio yangenisumbua. Barabara ya kuingia jijini ilikuwa imejaa magari. Adhana ilinikuta kwenye taa za barabarani, na nilifika nyumbani dakika ishirini baadaye.

Bibi alikuwa mezani anakula. Kwenye karatasi iliyobandikwa jikoni madam alikuwa ameandika saa na kipimo cha sindano aliyomchoma, sahihi kabisa.

"Alikubali?" nilimwuliza.

"Mbona asikubali?" alisema madam, akaendelea kumenya chungwa.

Lakini bibi alipomaliza kula aliniita, akakunja mkono wa gauni lake, akaninyooshea mkono kama mtu ambaye hajachomwa. Nilienda nikaisoma ile karatasi mara ya pili. Nikarudi, nikamshushia mkono wa gauni. Alinitazama kama mtu aliyenyimwa haki yake.

Wiki iliyofuata niliomba Ijumaa nyingine. Madam alinijibu kwamba bibi hakubali mkono mwingine. Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania. Nikasimama pale mlangoni, na katika mambo mawili niliyoyaona kwa macho yangu Ijumaa ile, ile karatasi ya jikoni na bibi akininyooshea mkono, sikujua nimtajie lipi.