Kelera Alipomsemesha Kaka Yake

Wifi yangu Kelera ana maneno ya kujaza gunia, ila kwa mtu mmoja tu hana hata nusu neno: kaka yake Isikeli, mume wangu. Kwetu Vanua Levu, kisiwa cha Fiji, kaka na dada wakishakua hawasemezani. Ni heshima. Akiwa na jambo lake ananiambia mimi, hata kama tumekaa mkeka mmoja wote watatu. "Wifi, mwambie huyo mwenye masikio makubwa mihogo imeiva." Nami namwambia mume wangu, ambaye ameshasikia na ameshanyoosha mkono.

Sote tulifanya kazi katika kiwanda cha kupasua mbao. Msimamizi, mzee Sakiusa, ni mjomba wa nusu ya wafanyakazi na ndiye aliyetuombea kazi. Mbao zilipohitajika kwa haraka, aliagiza kinga ya msumeno, ile inayozuia mikono isiguse meno yake, itolewe ili magogo yapite upesi. Tuliona wote. Nani angembishia mzee anayepewa bakuli la kwanza la kava, kinywaji chetu cha heshima?

Asubuhi moja nilibaki nyumbani na mtoto mwenye homa. Kelera, akipanga mbao, aliona mkono wa shati la Isikeli umefunguka, unaning'inia karibu na meno ya msumeno. Akageuka kunitafuta. Sipo. Akamkimbilia mfanyakazi mwenzake amtume kwa kaka yake, na kabla hajamaliza kusema, vidole viwili vya kaka yake vilikuwa vimekwenda.

Alinililia hospitalini mpaka kanga yangu ikalowa. Sikumlaumu. Nilimpenda zaidi, na nilikuwa na hasira, sijui hasa na nani.

Baadaye meneja alitukusanya atuulize ilikuwaje. Sakiusa akasema Isikeli alizembea. Tukatazama miguu yetu. Isikeli naye, mkono umefungwa bendeji, akaitikia kwamba ndiyo, ni uzembe wake, na akipona atarudi kwenye msumeno uleule. Kelera akanibana kiganja, nikajua ana ujumbe. Nikategesha sikio. Hakunisubiri.

"Kaka, wewe hukuzembea," alisema, akimtazama usoni. "Kinga ilitolewa, sote tuliona. Nilinyamaza, ukapoteza vidole. Sinyamazi tena, hata ukinichukia."

Hakuwa amemsemesha tangu utotoni. Sakiusa, ambaye wala si mtu mbaya, aliinamisha kichwa, kisha akamwambia meneja kwa sauti ndogo kwamba yeye ndiye aliyeagiza. Kinga ikarudishwa siku hiyohiyo.

Isikeli machozi yalikuwa yanamtoka. Akanigeukia mimi, maana heshima ni heshima, na Kelera kasimama palepale.

"Mwambie dada yangu simchukii. Mwambie siku nyingine akiona hatari asikutafute wewe. Aniite."

Nikamgeukia wifi. "Umesikia?"

"Sijasikia," akasema, anajifuta pua kwa mkono wa gauni. "Mwambie arudie."