Tracker niliyoishonea kwenye foronya ilinifikisha sebuleni kwa mama wa watu

Wakuu, kwema humu?

Naandika nikiwa Makorora, Tanga. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyonikuta.

Mke wangu anadarizi mashuka na foronya. Wateja wake wengi wako Mombasa, kwa hiyo mzigo tunaupeleka ofisi ya mabasi, unavuka mpaka wa Horohoro, mteja anaupokea kule. Miaka yote hakukuwa na tabu.

Mwaka jana kifurushi kimoja hakikufika. Kisha cha pili. Kisha cha tatu. Ofisini kila ukiuliza unaambiwa kimepakiwa.

Bibi harusi mmoja akampigia mke wangu: "Dada, kama hukushona ungesema tu."

Mke wangu alikaa wiki nzima bila kushika sindano. Kilichomuuma ni kuonekana muongo.

Nikachomoa tracker ya pikipiki yangu, ile ndogo ya kuweka laini, yenye betri yake, nikaishonea ndani ya foronya, mzigo nikaupeleka kama kawaida.

Basi likaondoka asubuhi. Nukta ya tracker kwenye simu yangu haikuondoka nalo. Saa kumi jioni ikatoka ofisini, ikaenda mtaa wa Mabawa, hapahapa mjini, ikatulia.

Sasa wakuu, nikiitazama nukta ile nikakumbuka mbali sana.

Ujanani nilifanya kazi porini, upande wa kusini mwa Pangani, na mama mmoja mtafiti aliyewavisha tembo kola za redio. Enzi hizo hakuna cha app. Unabeba antena mkononi, unaizungusha, inalia tik tik, unaufuata mlio kwa miguu. Jua kali, miguu imejaa miiba, chakula mihogo ya kuchemsha. Na sijawahi kuwa na raha kama ile.

Mwenzangu alikuwa Bakari, Mdigo wa Mkinga. Ndiye aliyempa tembo wetu jike jina la Bi Kidawa, eti anatembea kama mtu anayekwenda harusini.

Siku moja Bi Kidawa akasimama. Siku ya pili mlio uko palepale. Siku ya tatu vilevile. Mimi nikasema kola imedondoka, twende tukaiokote.

Bakari akanishika mkono. "Taratibu. Chombo chatwambia alipo, hakitwambii ana nini."

Tukazunguka kwa upande wa upepo, tukachungulia. Kola ilikuwa shingoni mwake. Alikuwa amemsimamia mwanawe aliyekufa. Tungemwendea kwa pupa nisingekuwa hapa naandika uzi.

Turudi Mabawa.

Vijana wa kijiweni kwetu walishapata habari. Mmoja akaniambia, "Kaka, tuonyeshe nyumba tu, mengine tuachie." Mnajua hayo mengine ni yapi. Mwizi huku akishikwa na kundi, hafiki kituoni.

Nikaizima simu mbele yao. Nikaenda peke yangu kwa mwenyekiti wa mtaa wa kule, tukaongozana naye.

Akafungua mama wa makamo ya bibi, mguu mmoja anauburuta. Tukamwamkia shikamoo, akatukaribisha, akatutilia chai ya tangawizi.

Kitandani, mlango ukiwa wazi, nikaona shuka la mke wangu. Maua yale ya zambarau nayajua, aliyashona nikiwa nimekaa pembeni yake.

Mama akaniona natazama. "Mazuri, eh? Hemedi huyo. Tangu niugue, kila akitoka kazini ananiletea kitu. Mwanangu ananipenda."

Mwenyekiti akaniangalia. Nikanywa chai.

Hemedi akaingia. Ni mpakiaji wa pale ofisini, namfahamu kwa sura. Aliponiona tu akakaa chini.

Tulitoka naye hadi uani, tukazungumza naye huko. Hakubisha. Mashuka mawili alishayauza, mengine yako kwa mama yake. "Naomba asijue," akasema, akalia.

Mwenyekiti akamjibu, "Utamwambia wewe. Kwa mdomo wako. Sisi tunakusubiri hapa."

Akaingia ndani. Hatukusikia kelele. Tulimsikia mama yule akimuita mwanawe kwa jina lake la utotoni.

Kazi aliiacha mwenyewe. Yale aliyouza alinilipa kwa kuchimba msingi wa ukuta wangu.

Somo nililopata: kifaa kinakufikisha mlangoni kwa mtu. Ukishabisha hodi, yaliyobaki ni utu wako. Na tafadhali, msipeleke kundi nyumbani kwa watu kwa sababu ya nukta ya kwenye simu.

Wiki mbili baadaye mama yule alituletea mashuka mwenyewe, na mguu wake ule. Kayafua, kayapiga pasi, kayafukiza udi. Mke wangu akayapokea, akayanusa, akachagua lile la maua ya zambarau akamrudishia.

"Hili ni lako, mama," akamwambia. "Hili nimekushonea mimi."

Haya wakuu, aliyewahi kufuatilia kitu akakuta mtu, atusimulie. Na kama kuna mliobeba antena porini miaka ile, jitokezeni basi tukumbushane.