Sanda Mbele ya Dirisha

Kafuri ndiyo iliyoniamsha. Nyumba yetu ya mabati kule Mahajanga ilinuka samaki wa chumvi, mafuta ya taa na mbuzi wa jirani, lakini kafuri ilikuwa na siku yake: ilitoka mara moja kwa mwaka, baada ya mfungo, Koko alipofungua sanduku na kuianika sanda yake juani isiliwe na wadudu. Koko ndivyo tunavyomwita bibi sisi tuliotokana na Wangazija, na kila mwanamke wa rika lake alikuwa na kitambaa chake cheupe cha bafta sandukuni, tayari kwa siku yake. Asubuhi ile haikuwa siku ya kuanika. Nilimkuta ameikunja ndani ya leso, amejitanda shiromani, vazi letu la kutokea, amesimama mlangoni. Baharia mmoja alikuwa amepita baada ya sala ya alfajiri kumwambia kwamba Mzee Badru anakufa huko kisiwani Nosy Be. Koko aliniambia, "Vaa viatu. Twende kabla hajaniponyoka." Hakujua tungelala wapi wala tungerudi lini. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na darasa nililoliacha asubuhi ile sijalirudia hadi leo.

Mzee Badru nilimjua kabla sijamwona, kama watoto wengine wanavyomjua shetani. Wakati wa vita vya pili vya dunia, meli za Waingereza zilipoifunga bahari, nguo ziliadimika Mahajanga mpaka watu wakavaa rafia, kitambaa kigumu cha nyuzi za majani, na waungwana wakaenda msikitini na mashati ya magunia. Badru alikuwa na bohari karibu na gati. Babu yangu Hamadi alikuwa kuli wake. Katika miezi ile binti mchanga wa babu na Koko, Echati, alikufa kwa homa, na babu akaenda kumwomba tajiri wake kipande cha bafta, kipande tu, mtoto mwenyewe alikuwa mdogo kuliko mkate. Badru aliapa kwamba bohari halina hata uzi. Echati akazikwa ndani ya kitambaa cha rafia. Fundi wa msikiti, ndivyo tunavyomwita mwalimu wa dini, alisema inatosha, Mungu anataka usafi tu. Siku chache baadaye babu aliitwa kupakia magunia ya kahawa kwenye jahazi la kwenda Nosy Be, na alipojitwika moja begani likamlalia laini. Kuli anaijua kahawa kwa bega lake. Alichungulia penye mshono: bafta, imebanwa tele, inakwenda kuuzwa kwa bei kubwa zaidi. Aliyapakia yote, kwa kuwa alihitaji kula, kisha akaja nyumbani akamwambia mkewe. Babu alikufa mapema. Koko alibaki na habari ile, akailea badala ya mtoto.

Ndiyo maana hakuondoka. Mwaka mmoja au miwili kabla ya safari yetu, damu ya Wakomoro ilimwagika Mahajanga, na watu wetu wakakimbilia bandarini na uwanja wa ndege, wakapelekwa Komoro, nchi ambayo wengi wao hawakupata kuiona. Wazazi wangu walikwenda. Walimwomba, walimlilia, mama alimshika miguu. Koko alisema hawezi kwenda kufia ng'ambo na kumwacha Badru anapumua upande huu. Nilikataa kumwacha peke yake, na kusema kweli nilitaka kuona mwisho wa Badru.

Tulipanda meli ndogo ya mizigo, tukakaa juu ya mifuko ya saruji mpaka kope zetu zikawa za kijivu kama za maiti. Andoany, mji mkuu wa Nosy Be, ilitupokea kwa harufu ya maua ya langilangi, tamu mno, kana kwamba mji mzima umejipaka marashi kuficha kitu. Nyumba ya Badru haikuwa ngumu kuipata. Mkwewe, mke wa mwanawe, alitupokea uani, akadhani tumekuja kumjulia hali mgonjwa, na kabla hatujakaa akaanza kulalamika: maduka ya serikali hayana nguo wala sabuni, wamezunguka kisiwa kizima hawakupata bafta, na mzee mwenyewe, aliyeuza nguo maisha yake yote, sanda yake aliitoa sandukuni mwaka uliopita akaiuza, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Aliamini kitambaa hakiwezi kumwishia yeye. Koko alitikisa kichwa kwa huruma. Sijapata kuona huruma iliyoigizwa vizuri vile.

Mgonjwa alikuwa amelala karibu na dirisha, amekauka, macho bado ya kibiashara. Nilimwamkia kwa heshima, kama tulivyofunzwa kumwamkia mtu mzima hata akiwa adui. Koko alijitaja kuwa mke wa Hamadi, kuli wake wa Mahajanga. Kisha akafungua leso.

Mzee aliinyoosha mikono. "Mungu akulipe, dada yangu."

"Asinilipe bado. Shika kwanza."

Aliisugua bafta kati ya vidole, taratibu, uso wake ukapata uhai. "Nzuri," alisema. "Si ya siku hizi hii."

"Ni ya kwangu," Koko akamwambia. "Nilitaka tu uishike." Akaivuta kutoka mikononi mwake, akaikunja pindo kwa pindo mbele ya macho yake. Mkwe alitufuata hadi barabarani akilia, akiomba nusu, robo. Koko hakupandisha sauti. "Binti yangu alizikwa na rafia, mama. Na hakulalamika."

Ng'ambo ya barabara mwanamke wa Kisakalava, mwenyeji wa huko, alitupangisha chumba, na hapo ndipo tulipokaa mpaka Badru alipokufa. Kila asubuhi Koko aliitundika sanda yake kwenye kamba ya nguo, mkabala na dirisha lile, akakaa kibarazani akichambua mchele. Wanawake wa mtaa walianza kwa kunong'ona. Wengine walimcheka, wakamuuliza kama bibi harusi wa shuka lile ameshapatikana. Wazee wa msikiti walimtumia ujumbe kwamba jambo lile ni aibu. Akawajibu kwamba kuanika nguo si dhambi, na kwamba wao wenyewe wana sanda zao majumbani, mbona hawampelekei? Hakuna aliyempelekea. Mimi nilikaa kando yake nikilitazama lile dirisha, na sitadanganya: sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Badru alizikwa ndani ya shuka la kitanda, la mistari ya bluu, lililofuliwa bila sabuni. Fundi wa huko naye alisema inatosha. Koko alipoambiwa alitaka kujua mistari ilikuwa mipana au myembamba. Siku ile alikula sahani mbili za wali, akaniambia sasa anaweza kwenda popote. Lakini alirudi Mahajanga, na miaka mingi baadaye nikamzika huko kwa bafta ileile, iliyopauka kidogo kwa jua la Andoany.

Tangu hapo sijatulia mahali. Kiswahili hiki ninachoandika nilikiokota Zanzibar na Mombasa, nikiuza hiki na kile, nikiuliza kila mtu habari zisizonihusu. Juzi nilirudi upande huu, nikapanda boti hadi Nosy Komba, kisiwa jirani na Nosy Be, kwa sababu tu ilikuwa inaondoka. Zamani watu walikufa wakililia kitambaa. Leo kijiji kile kimefunikwa na vitambaa, vitambaa vya meza na mashuka yaliyotariziwa, yametundikwa kamba hata kamba kwa ajili ya watalii. Mwanamke wa rika langu, mtarizi mwenye vyumba vya kupangisha, aliniuliza ukoo wangu, na mimi, kwa mdomo wangu usiokoma, nikamweleza mpaka kwa Koko. Aliiweka sindano chini. Alisema yeye ni mjukuu wa Badru. Alikuwa ndani ya chumba kile, na babu yake aligeuzwa uso ukutani asiione sanda, akaomba ageuzwe tena dirishani.

Nilingoja anifukuze. Badala yake alinipeleka kwenye chumba safi chenye godoro tupu.

"Mashuka sina," akasema, na nyuma yake uani mashuka yalikuwa yakipigwa na upepo, meupe, zaidi ya hamsini.

Nilimshukuru, nikaweka mfuko wangu chini, nikajilaza juu ya godoro lile lenye kuwasha. Katika ukoo wa Badru, yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemheshimu.