Malkia Amekwenda Kwao

Fundi viatu mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Gundi kwa sababu vidole vyake havikukauka gundi tangu ujana, alibuni aina mpya ya sataranji bila kukusudia. Hakuwa mtu wa kubuni mambo. Alikuwa mtu wa kupiga kiraka na kushona soli, basi.

Mwenzake alikuwa fundi saa wa kibanda cha pili. Kila mchana kazi ikipoa, waliweka ubao juu ya kreti tupu katikati ya vibanda vyao, wakacheza huku wakichambana. Fundi saa ndiye aliyemfundisha Gundi mchezo huo, na kwa miaka mingi alimchapa bila huruma. Kisha akaanza kupotea. Alimrudishia mteja saa ya ukutani isiyo na mishale, akamwambia kwa uso mkavu kwamba sasa haitamchelewesha tena. Siku nyingine alifunga kibanda akaenda zake nyumbani, kumbe kwenye nyumba aliyohama zamani. Akawakuta wenyewe wanakula, akanawa mikono, akaketi nao.

Mchana mmoja akamshika farasi wake na kumpeleka moja kwa moja hadi upande wa pili wa ubao, kana kwamba ni ngome. Gundi alikuwa na tusi zuri tayari mdomoni. Lakini akaona macho ya mwenzake yakihangaika kati ya mkono na ubao, akalimeza.

"Huyo amepata lami," alisema. "Farasi akipata lami hunyoosha."

"Si ndiyo hivyo," akajibu fundi saa, na mabega yake yakashuka.

Ili jambo lisionekane la huruma, Gundi naye akampeleka farasi wake moja kwa moja. Ikawa sheria. Baada ya hapo sheria zilizaliwa kama uyoga. Fundi saa akimla askari wake mwenyewe, ilisemwa amemfukuza kazi. Akiweka kete mbili kwenye chumba kimoja, hao ni wapangaji, na mpangaji halali haliwi. Siku alipomtia malkia mfukoni na kumsahau humo, Gundi alikuna kichwa kidogo, kisha akatangaza kwamba malkia amekwenda kwao na atarudi akishaombwa radhi. Halafu, kwa kuwa haki ni haki, akamtia wake mfukoni pia.

Watu wakaanza kusimama kutazama. Fundi seremala wa ng'ambo ya barabara alisema mchezo huu una akili kuliko ule wa zamani, kwa sababu ule hauna maisha ndani yake. Akachonga ubao wake. Muuza matunda akashika mchezo, akagombana na seremala karibu washikane mashati, eti wapangaji wawili wanaweza kumlaza mgeni au hawawezi. Kinyozi aliacha kichwa cha mteja kimenyolewa nusu, akaja kuamua. Mfalme wa muuza matunda alipozingirwa, aliomba likizo ya ugonjwa na akapewa. Gundi alitazama yote haya akashika tama. Alikuwa amedanganya mtu mmoja kwa mapenzi, na sasa mtaa mzima unaapa kwa uongo wake.

Ndipo akaja binti wa fundi saa, muuguzi anayefanya kazi mji mwingine. Habari za saa isiyo na mishale zilikuwa zimemfikia. Alimkuta Gundi peke yake kibandani, baba yake akiwa amekwenda kuchota maji.

"Baba mdogo, nimekuja kumchukua," alisema. "Hawezi kukaa peke yake tena."

"Yuko sawa kabisa. Mchana tunacheza, ananichapa."

"Anakuchapa?" Binti alifikiri. "Basi nitatazama mchezo mmoja. Alinifundisha sataranji kabla sijajua kusoma. Kama bado anaujua, abaki. Kama haujui, tunaondoka leo."

Gundi aliogopa, tena aliogopa vibaya. Mkewe alikwishatangulia mbele ya haki, wanawe wako mbali, na siku yake yote ilikuwa ni kungoja mchana ufike. Ikawa hana ujanja ila mmoja: acheze sheria mpya kwa bidii tangu mwanzo, ili farasi wa mwenzake atakapokwenda ovyo, binti aone ndivyo mchezo ulivyo siku hizi.

Wakaketi. Mara tu zamu ilipomfikia, Gundi akamnyoosha farasi.

"Amepata lami," akamweleza binti.

Gundi akamfukuza kazi askari wake, akawapangisha ngome na askofu chumba kimoja, akamtia malkia mfukoni na kumwambia binti kuwa amekwenda kwao. Jasho lilimtoka. Na fundi saa, ambaye siku hiyo Mungu alimrudishia akili yake nzima nzima, alicheza taratibu kama zamani. Farasi wake walipinda walipopaswa kupinda. Malkia wake alikaa ubaoni kama mke wa watu.

Fundi saa akamtazama rafiki yake kwa muda. Kisha akamvuta binti yake pembeni, karibu na mlango, akasema kwa ile sauti ya chini ya watu wanaosikia vibaya, ambayo kila mtu huisikia.

"Umeona mwenyewe, mwanangu. Ni muda sasa. Siku ya kwanza nilikosea mimi, nikampeleka farasi vibaya, yeye akaona ni sawa. Tangu hapo ndiyo hivyo. Mimi namfuata tu, asione aibu. Sasa nikiondoka, nani atakaa na huyu?"

Gundi aliinua kichwa. Maneno yalimjaa kinywani, ya kweli yote, na yangetosha kumsafisha mbele ya yeyote.

Binti alirudi, akachuchumaa mbele yake, akaushika mkono wake wenye gundi kwa namna wauguzi wanavyoshika.

"Baba mdogo," alisema polepole, neno moja moja. "Baba anabaki. Atakuangalia. Leo umekula?"

Gundi alikuwa ameshiba wali wa jana na wa leo. Akamtazama rafiki yake, aliyekuwa akimsubiri ubaoni kwa subira kubwa.

"Sikumbuki, mwanangu," akasema.