Mpangaji Aliyefika Katmandu kwa Basi

Mpangaji wa mama yangu, pale mtaa wa West Indies mjini Eldoret, alikuwa mzungu mstaafu aliyewahi kufundisha useremala. Tulimwita Mwalimu. Ujanani alikuwa hipi, mmoja wa wale vijana wa nywele ndefu waliozurura dunia. Alitoka Istanbul mpaka Katmandu kwa mabasi na malori, akilala juu ya paa za hoteli kwa sababu vyumba vilimshinda bei. Hatukuwahi kuisikia safari yote kwa mfululizo mpaka mwaka ule matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa na nyumba zikaanza kuchomwa.

Sisi tulihesabiwa kuwa wageni, ingawa mama alikuwa ameishi Eldoret muda mrefu kuliko wengi waliotuita hivyo. Tulifunga mlango tukakaa ndani. Mwalimu alihamia sebuleni kwetu bila kualikwa, akaketi karibu na mlango. Moshi ulionekana upande wa Turbo. Yeye, katika masimulizi yake, alikuwa amefika Afghanistan, akinywa chai na madereva wa malori, nywele mpaka mabegani, tumbo likimwendesha.

Mama alimsikiliza muda mrefu, akichambua maharagwe.

"Mwalimu, mama yako alijua uko wapi?"

"Hapana."

"Safari yote hiyo?"

"Nilituma postikadi moja. Kutoka Uturuki."

Mama aliacha maharagwe. "Mungu akusamehe," akasema. Siku hiyo chai ya Mwalimu haikutiwa sukari.

Polisi waliposema watasindikiza malori ya wanaohama mpaka Nakuru, mama alianza kufunga mizigo: cherehani, sufuria, vikombe vya wageni. Mwalimu akatikisa kichwa kama mtaalamu.

"Mama, msafiri hubeba tu kile anachoweza kukimbia nacho."

"Magoti yangu haya hayakimbii. Kwa hivyo nibebe nini?"

Mwalimu akafikiria. "Basi beba kila kitu."

Akambebea cherehani mpaka kwenye lori. Nilimsihi twende naye. Alisema amechoka na safari, na nyumba inahitaji mtu. Akageuka, akarudi ndani.

Tulirudi masika yakiwa yameanza, bila uhakika kama tuna nyumba. Ilikuwepo. Sebuleni mlijaa familia mbili zilizochomewa nyumba kwao, upande wa Moiben, zikachoka na hema za kambini. Mwalimu alikuwa analala jikoni.

"Mama, ni kwa muda tu," akasema.

Mama aliwatazama wote, mmoja mmoja.

"Wamekula?"

"Bado."

Akavua viatu, akaenda kutafuta unga.