Seva ya Pili Haikumjua Dada

Ofisi yetu iko Bomani, juu ya duka la pembejeo. Kazi yangu ni kutunza mfumo ambao vyuo kadhaa vya afya huutumia kupokea maombi ya wanafunzi kwa mtandao. Mfumo unakaa kwenye seva mbili, ili moja ikifa nyingine ishike kazi. Tuliwahi kulijaribu hilo mbele ya bosi. Nilichomoa waya wa seva ya kwanza, ukurasa ukafunguka kama kawaida, bosi akaagiza soda. Nikasema jaribio halijakamilika, maana hatujui mtu aliye katikati ya kuandika angepatwa na nini. Nikaambiwa hilo tutaliangalia mwakani.

Seva humkumbuka mtu. Ukishaingia kwa nywila inakutunzia sesheni: wewe ni nani, umefika ukurasa gani, umejaza nini. Siku hizi sesheni zetu zote ziko mahali pamoja na seva yoyote huzisoma. Wakati ule kila seva ilitunza za kwake, kama walinzi wawili wa geti moja wasiosemezana. Nani aende seva ipi iliamuliwa kwa anwani ya mtandao anaotumia. Anwani ikibadilika, unaweza kuangukia seva ya pili, na huko wewe ni mgeni.

Ukiwa Bomani huwezi kuliona tatizo hilo. Sirari, mpakani na Kenya, ni habari nyingine. Kule simu ina laini mbili, ya Tanzania na ya Kenya, na mtandao ukianza kujikokota mtu anahamia laini ya pili bila hata kufikiri.

Dada yangu ameolewa huko. Amejitolea miaka mingi katika zahanati, na akiwa mtu mzima mwenye wajukuu aliamua kuomba chuo cha uuguzi. Hakunishirikisha. Nilikuja kujua siku ya mwisho ya maombi, dirisha likiwa linafungwa saa kumi na moja jioni, aliponipigia simu alasiri.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hiki kitu chenu kimenifukuza."

Alikuwa amejaza kurasa zote, pamoja na ile inayouliza kwa nini unataka kuwa muuguzi. Hapo aliandika kirefu. Alipotaka kutuma, mtandao ukagoma, akahamia laini ya Kenya. Mfumo ukamtaka aingie upya, na alipoingia akakuta kurasa tupu.

"Inaniuliza eti mimi ni nani. Sasa si nilishasema?"

Niliangalia. Seva ya kwanza ilikuwa hai kabisa, na maandishi yake yalikuwa bado humo. Kurudi laini ya kwanza kusingesaidia, maana kuingia upya ni kuanza sesheni mpya, tupu. Nikamwambia naweza kuyatoa nimtumie, ayabandike tu.

"Utayaona?"

"Lazima niyaone, nijue ni ya kwako."

Nikasikia mtu akipasua kuni upande wake.

"Usiyafungue."

"Dada, muda unakwisha. Chuo utakikosa."

"Nimeandika siku uliyozaliwa."

Mama alifariki siku hiyo, nyumbani Nyansurura, kabla gari halijapatikana. Dada alikuwa msichana wa shule, na ndiye pekee aliyekuwa naye ndani. Hayo nayajua kwa kuwa watu husema. Yeye hajawahi kunisimulia. Alinilea, akaniogesha, akanichapa ilipobidi, na kila nilipouliza habari za mama alinituma maji. Nikajifunza kutouliza, maana kisima kilikuwa mbali. Sasa simulizi yote ilikuwa ndani ya mashine ambayo nywila yake ninayo mimi, na sijawahi kutaka kusoma kitu kama nilivyotaka kusoma kile. Vidole vilikuwa tayari kwenye kibodi, naona aibu kusema.

"Wale wa chuo hawanijui," akasema. "Kwao naweza kusema. Wewe ni mtoto wangu."

Nikaondoa mikono kwenye kibodi. Nikamwambia aanze upya, abaki na laini moja hata ijikokote namna gani.

"Sitaweza kuandika tena vile."

"Andika mafupi."

Alitumia simu ya mumewe kuongea nami huku akiandika kwenye ya kwake. Hakukata, nami sikukata. Mara mbili alipenga kamasi. Saa kumi na moja ilikaribia mno kabla hajasema, "Imeenda." Kwenye skrini yangu ombi lake likatokea kati ya yaliyopokelewa. Sikulifungua.

"Na yale ya kwanza?" akauliza.

"Bado yapo. Nikiizima seva ya kwanza yanapotea, wala hayarudi."

"Zima."

Nilisubiri dirisha lifungwe na watu wote watoke kwenye mfumo, kisha nikaizima na kuiwasha. Ilirudi haraka. Nilitafuta sesheni ndani yake, sikukuta hata moja. Dada alikuwa bado yuko hewani.

"Yamefutika?"

"Yamefutika, mama," nikasema.