Meza Iliyokwenda Harusini na Kompyuta

Majina ya watu wote wa habari hii ninayakumbuka, na ya mama zao, na ya mbuzi wao pia. Lakini humu sitaandika hata moja. Wengi wao wako hai, na midomo wanayo.

Nilizaliwa Marodoka, kule kisiwani Nosy Be, nikaletwa Mahajanga kama bibi harusi miaka ya sabini ikielekea kwisha. Shule niliikalia kidogo tu. Kiswahili nilikipata kwa baba na kwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nyumbani kwetu, mtaa wa Antanimasaja, tunasema Kimalagasi na Kikomoro, basi maneno ya watu nitayaandika kwa Kiswahili changu na wenyewe wanisamehe.

Mambo ya kufunga vitu sikuyaanza jana. Cherehani yangu ya kwanza mume wangu aliifunga kwa mnyororo kwenye nondo za dirisha, nikawa nashona nimekaa upande mmoja tu wa chumba miaka kumi na moja. Kwa hiyo mjukuu wangu wa kike alipoleta kompyuta ya kubebeka na waya wake, mimi sikushangaa.

Kompyuta ilitoka kwa mjomba wake anayefanya kazi kwenye hoteli moja Ambatoloaka, kule kule Nosy Be. Huko, alisema, hata ile tableti ya mapokezi imefungwa, maana wageni wanakuja na wanaondoka na huwezi kujua nani ameondoka na nini. Akatuma kompyuta iliyokwisha kutumika, pamoja na waya wa chuma uliosokotwa, mnene kama kidole changu kidogo. Ncha moja ina kufuli la namba nne la kuingiza kwenye tundu ubavuni mwa kompyuta. Ncha nyingine ina kitanzi cha kuzungushia kitu kizito.

Kitu kizito kwetu ni meza. Mume wangu, Mungu amrehemu, aliichonga kwa mbao nene, na kati ya miguu kuna ubao wa kuwekea nyayo. Waya ukazungushwa pale.

"Koko," mjukuu akaniambia, maana ndivyo anavyoniita bibi yake, "nipe namba nne ambazo mwizi hawezi kuzijua. Si mwaka wa kuzaliwa mtu."

"Weka watoto," nikamwambia. "Watoto wa mama yangu, wa mama mkwe wangu, wa dada yangu, na wa shoga yangu wa nyumba ya pili."

Akacheka mpaka akashika tumbo. Nikahesabu kwa majina, yeye akazungusha, kufuli likafunga. Namba akaziandika. Wapi? Ndani ya kompyuta yenyewe. Msomi wa chuo kikuu huyo! Tangu siku ile waya haukufunguliwa tena. Alikuwa anakaa pale pale mezani usiku na mchana, anaandika kitabu chake cha kumalizia masomo, na mimi nakula wali wangu mkekani.

Sasa, mtaani kwetu kuna desturi. Siku ya harusi, meza na sufuria na viti havina mwenyewe. Kila kitu kina alama yake ya rangi chini, meza yetu ina buluu, ili kesho yake kirudi kwao. Wanawake wanapiga hodi, na kama mlango uko wazi wanaingia, wanabeba, wanakwenda. Kuombana ruhusa siku hiyo ni kama kumwambia mwenzako hamjuani.

Siku ambayo mjukuu wangu alitakiwa kusimama mbele ya walimu wake saa tisa kukitetea kitabu chake, kulikuwa na harusi nyumba ya nne. Asubuhi yeye alikwenda chuoni kulipa ada ya mwisho, mimi nikaenda kumenya vitunguu kwa bibi harusi. Mlango niliuacha wazi, kama mtu yeyote mwenye adabu.

Saa saba akanijia mbio, uso umepauka.

"Koko! Meza haipo! Kompyuta haipo!"

"Meza iko hapa hapa harusini," nikasema. "Nimeiona inaingia imefunikwa kitambaa."

"Na kompyuta?"

Hapo ndipo kisu kiliponianguka. Kazi yake yote ilikuwa humo, na mahali pengine hakuiweka. Tukaenda uani. Meza ilikuwa katikati ya turubai, na juu yake sambusa, mkate wa sinia, na keki ya bibi harusi imeinuka juu ya wenzake kama imamu juu ya mimbari. Mjukuu akainua ukingo wa kitambaa. Keki ilikuwa imekaa juu ya kompyuta.

Shoga yangu wa nyumba ya pili, ndiye mkuu wa jiko siku hiyo, akaja na mwiko mkononi.

"Mnatafuta nini kwenye keki ya watu?"

"Nani amebeba kompyuta ya mtoto?" nikamuuliza.

"Sisi sote. Tumeikuta imefungwa mezani, tukasema ni kitu cha meza. Tungeikata? Tumeibeba kwa heshima, na nailoni tumeivisha isipate mafuta." Akaitazama keki. "Halafu imeikalisha vizuri."

Keki ikahamishwa. Mjukuu akashika kufuli. "Sizikumbuki, Koko. Miezi sita sijalifungua."

"Si umeziandika?"

"Zimo humu ndani!" Na betri ya kompyuta ile ilikuwa imezeeka, bila umeme haiwaki, na umeme siku hiyo mtaa mzima haukuwepo tangu alfajiri.

Basi kila mtu akawa fundi. Mmoja alileta nyundo. Mwingine akasema iteni pusipusi, kile kigari cha kuvutwa na mtu, meza ipandishwe, msichana aende chuoni na meza yake. Baba wa bibi harusi akaja na msumeno tayari kukata ule ubao wa miguu, na mimi, nasema kweli, nilikuwa nimekwisha kukubali. Mjukuu analia kimya kimya, anatazama simu. Saa nane kasoro.

"Subirini," nikasema. "Zile namba ni watoto."

Nikakunja vidole. Mama yangu: nikataja sisi wote kwa majina, watano. Mama mkwe wangu: tisa, na wa sita na wa saba ni pacha. Dada yangu wa Nosy Be: wanne. Mjukuu anazungusha, tik, tik, tik. Nikamgeukia shoga yangu, lakini kabla sijafungua mdomo akasema mwenyewe:

"Mimi sita. Mtaa mzima unajua. Nimewazaa kwa kelele."

Watu wakacheka. Mjukuu akaweka sita, akavuta. Halikutoka. Akavuta tena.

"Labda mama mkwe ni kumi," mtu akasema.

"Mama mkwe wangu ni tisa," nikasema. "Shoga, wewe ni saba."

Akanitazama.

Wa kwanza wake alizaliwa mwaka ule ule nilioletwa Mahajanga. Siku ya saba alipewa jina, na arubaini yake haikufika. Mimi nilikuwa mgeni mtaani, sijui mtu, na yule ndiye mtoto wa kwanza niliyepakata katika mji huu. Nikalitaja jina lake pale mbele ya sufuria.

Shoga yangu akaweka mwiko chini. "Wewe bado unalo?"

"Ninalo."

"Mimi nilidhani limebaki kwangu tu." Akapangusa macho kwa ncha ya kanga, halafu akamkemea mjukuu wangu: "Unangoja nini? Weka saba! Walimu wanakungoja na mwanangu amekwisha kuhesabiwa!"

Kufuli likatoka kama jino la maziwa. Mjukuu akakumbatia kompyuta, akatoka mbio na unga wa sukari kifuani.

Tulirudi kwenye vitunguu, lakini mazungumzo yalikuwa mengine. Shoga yangu alihesabu wanawe upya, saba, kwa sauti. Mwanamke wa pembeni akasema basi yeye ni watano, si wanne, akataja jina. Mwingine akafuata. Hatukulia sana. Tulikuwa tunaambiana walivyofanana na nani, nani alikuwa na nywele nyingi, nani alikuwa mkali wa kunyonya, na wali nusura uungue.

Jua lilikuwa limeanza kulegea tulipomsikia mjukuu wangu kutoka barabarani, anapiga kelele: "Koko! Nimepita! Nimepita!"

Shoga yangu ndiye aliyeanza kigelegele, na sisi sote tukapokea, uani kote. Ndani ya nyumba bibi harusi akadhani bwana harusi amefika. Tulipogeuka tulimwona amesimama mlangoni, shela kichwani, kiatu kimoja mguuni, anauliza mbona hakuna mtu aliyemwita.